Baraza ya Maneno: Neno Fupi Lenye Kazi Nyingi



Mwezi huu tumeletewa barua na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, naye ataka shauri. Asema kwamba darasani mwake watoto walipewa sentensi za Kiingereza wazifasiri kwa Kiswahili, na moja katika hizo ilikuwa "My nose is running." Mtoto mmoja akaandika katika daftari lake, "Pua yangu inakimbia." Wenzake wakacheka hata kengele ikapigwa, naye akainamisha kichwa, na tangu siku ile hainui mkono tena darasani. Mwalimu auliza: "Nimfundisheje mtoto huyu? Maana orodha yetu ya maneno yasema kwamba 'run' ni kukimbia, na mtoto aliifuata orodha. Je, neno hili lina maana ngapi?"

Swali ni jema, nami nimelipokea kwa furaha na kwa haya kidogo, kwa sababu lanigusa mimi mwenyewe, kama mtakavyoona mbele. Basi tukae, tuzungumze.

Tuanze na hesabu. Iko kamusi kubwa ya Kiingereza itungwayo katika mji wa Oxford, Uingereza. Mtu aliyeitia nguvu kazi ile tangu mwaka 1879 alikuwa James Murray, mtoto wa mshona nguo wa Scotland, aliyeacha shule akiwa na miaka 14, akaendelea kujisomea mpaka akawa mwalimu. Alijenga kibanda cha mabati kuwa nyumba ya kazi, na watu wa nchi mbalimbali wakampelekea kwa posta vipande vya karatasi, kila kipande kimeandikwa neno moja pamoja na sentensi ya kitabuni ambamo neno lile limetumika. Watoto wake mwenyewe walivipanga vipande vile kwa kufuata alfabeti, wakapewa senti zao kidogo. Sehemu ya kwanza ya kamusi ilitoka mwaka 1884, na ya mwisho mwaka 1928. Murray alikuwa amekwisha kufa tangu 1915. Tazameni jambo hili, enyi waalimu: hakuuliza watu tu, "Neno hili maana yake nini?" Aliuliza, "Mmelikuta wapi, nalo lilikuwa pamoja na maneno gani?" Tutalirudia shauri hilo kabla ya kuagana.

Katika chapa ya mwaka 1989 ya kamusi ile, neno lililochukua nafasi kubwa kupita yote lilikuwa neno la herufi tatu, "set". Baadaye wahariri walipoanza kuitengeneza upya, "set" likapitwa na "make", kisha na "put", na mwaka 2011 yote yakapitwa na neno letu la leo, "run". Mhariri mmoja, Peter Gilliver, alikaa na neno hili moja muda wa miezi tisa, kadiri ya mama achukuavyo mimba, naye akahesabu maana 645 za "run" likiwa tendo, bila kuhesabu matumizi yake likiwa jina. Basi, ndugu mwalimu, ukiulizwa maana ni ngapi, hesabu ndiyo hiyo. Wala usimwambie mtoto kabla hajanywa chai.

Walakini msiogope. Maana hizo 645 si mbegu 645 zilizotupwa ovyo shambani. Ni matawi ya mti mmoja, na mwenye kulijua shina aweza kuyafuata matawi mengi bila kupotea.

Shina lenyewe ni hili: kwenda mfululizo bila kuzuiwa. Tangu Kiingereza cha kale sana neno hili lilitumiwa kwa miguu ya mtu na kwa maji yaendayo vilevile; na hata leo Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, wana neno "rinnen", maana yake kutiririka. Kwa hiyo pua ya yule mtoto haikukosa adabu ya Kiingereza hata kidogo. Maji na miguu vimelimiliki neno hili pamoja kwa zaidi ya miaka elfu. Lililokosa ni Kiswahili tu, kwa kuwa sisi tumeyatenga mambo hayo: miguu yakimbia, mto watiririka, jasho lachuruzika, na mwenye mafua hutokwa na kamasi.

Tawi la maji ni pana. Mto ukienda baharini, bomba likiachwa wazi, machozi yakishuka mashavuni, Mwingereza hutumia "run". Wino ukienea juu ya karatasi iliyorowa, ni "run". Mama akifua kanga mpya pamoja na shuka nyeupe, na shuka ikatoka nyekundu, Mwingereza husema kwamba rangi ime-"run". Sisi twasema kanga imechuja, na shuka tunaisikitikia vilevile.

Tawi jingine ni la mitambo. Mashine ifanyapo kazi bila kusimama, Waingereza hutumia "run": injini, saa ya ukutani, jokofu, na siku hizi programu ya kompyuta. Basi lipitalo kila siku nalo hu-"run", hata kama ni la kizee na lapanda mlima kwa kukohoa. Hapo mwalimu asifundishe kukimbia. Na aseme kwamba mashine yafanya kazi, saa yaenda, basi lasafiri.

Tawi la tatu lakaribia sana desturi yetu. Mtu asimamiaye duka, shule au zahanati, Kiingereza humsema kwa neno lile lile, na mama ashikaye mambo ya nyumbani hu-"run" nyumba yake. Msishangae, maana sisi tumefanya kama wao: tulichukua kwenda, tukafanya kuendesha, na leo twaendesha gari, baiskeli, shule, mkutano na nyumba. Wao waliifanya nyumba ikimbie; sisi tuliifanya iende. Pengine tofauti ni haraka tu.

Tawi la nne ni la vitu vilivyolala chini wala havina mwendo. Njia, ukuta, safu ya milima, hata mstari wa kalamu, vyote hu-"run" kutoka hapa mpaka pale. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, Mwingereza husema kwamba ya-"run" kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, walakini hapana aliyeona chuma kile kikiinua mguu. Kinachokwenda hapo ni jicho la mtazamaji, au safari yenyewe. Nasi twasema njia yapita, ukuta wazunguka, milima imetanda.

Tena pana jambo la kuchekesha katika habari za uchaguzi. Mmarekani atakaye kuchaguliwa husema kwamba ana-"run". Mwingereza atakaye kuingia bungeni aghalabu husema kwamba ana-"stand", yaani amesimama. Huyu akimbia, yule asimama, na wote wawili wataka kiti. Nasi Waswahili twasema mtu anagombea, ambalo ni neno la ugomvi; wasomaji na wapime wenyewe ni lipi katika hayo matatu lililo karibu zaidi na ukweli.

Likiwa jina, neno hili lina mizaha yake pia. Katika mchezo wa kriketi, wapigaji wawili wakibadilishana nafasi zao kwa mbio, hupata "run" moja. Lakini mpira ukipigwa ukabingirika mpaka mpakani mwa uwanja, huandikiwa nne. Ukiruka mpaka bila kugusa chini, huandikiwa sita. Na wapigaji waweza kuwa wamesimama tu wameegemea gongo zao. Wakenya waliofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003 walizipata "run" nyingi kwa miguu, na nyingine bila miguu. Kadhalika watu wakiogopa kwamba benki itaanguka, wakaenda wote pamoja kutoa fedha zao, jambo hilo huitwa "run". Mwezi Septemba mwaka 2007 lilitokea Uingereza kwa benki iitwayo Northern Rock; na katika picha za siku zile twaona watu wamepanga mstari barabarani, wametulia, wangojea zamu. Wamesimama, na jina la kusimama kwao ni kukimbia! Mchezo wa kuigiza nao, kadiri uendeleavyo kuonyeshwa, una "run" yake. Ule wa Agatha Christie uitwao The Mousetrap ulianza London mwaka 1952, haukukoma mpaka ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, ukarudi tena mwaka 2021. Hata uwanja uliozungushiwa wavu, kuku watembee wasiende shambani kwa jirani, jina lake ni hilo hilo.

Sasa nije kwa tawi lililoniletea haya.

Miaka mingi iliyopita nalikuwa mwalimu kijana, mwaka wangu wa pili kazini, katika kijiji cha bara kilicho mbali na barabara kuu. Kiingereza changu kilisifiwa sana pale kijijini, na aliyekisifu kupita wote ni mimi. Jioni moja alikuja mama mmoja, jirani wa shule, na mwanawe mdogo mgongoni. Mtoto alikuwa ametoka hospitali baada ya kupasuliwa jipu, na mama amepewa dawa pamoja na karatasi iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Akasema, "Mwalimu, shikamoo." Nikaona haya, maana umri wake ulikuwa sawa na wa mama yangu mzazi, nikamwambia, "Mama, shikamoo ni yako." Akacheka, akanipa ile karatasi. "Nisomee, baba. Walinieleza kule, lakini palikuwa na watu wengi, na mengine yamenipotea."

Nikasoma. Habari za dawa zilikuwa nyepesi, nikamweleza vema. Mwisho paliandikwa sentensi moja, nayo naikumbuka hata leo: "If the child runs a temperature, bring him back at once."

"Child" nalilijua. "Runs" nalilijua, tena nalikuwa nimelifundisha asubuhi ile ile, watoto wakilizunguka jengo la shule kwa mbio. "Temperature" nalilijua katika somo la jiografia: joto la nchi, kama la pwani na la milimani. Nikayaunga maneno matatu niliyoyajua, nikapata neno la nne lisilokuwamo. Nikamwambia, "Mama, mtoto asikimbie juani. Akikimbia juani kwenye joto, mrudishe hospitali upesi."

Akashukuru sana, akaenda zake.

Mama yule alikuwa mtiifu. Alimweka mtoto ndani, kivulini, asicheze na wenzake. Usiku wa pili mwili wa mtoto ukaanza kuchemka. Mama akamfuta kwa maji, akakesha naye. Lakini moyo wake ulikuwa na faraja, kwa kuwa mtoto hakukimbia juani, wala hakukimbia popote, alikuwa amelala. Siku ya tatu mwuguzi mmoja alipita kijijini kumwamkia dada yake, akasikia habari, akaingia. Alipomgusa mtoto hakuketi. Aliagiza baiskeli, mtoto akafungwa kwa kanga mgongoni mwa mjomba wake, wakaondoka saa ile ile. Kidonda kilikuwa kimeoza ndani. Mungu aliturehemu, mtoto akapona. Lakini alilala hospitali siku nyingi, na ya kwanza katika hizo hapana aliyethubutu kusema neno juu yake.

Mwuguzi alinijia kabla ya kwenda. Hakunigombeza. Alinionyesha mstari ule, akasema, "Mwalimu, hapa 'runs' ni kuwa na homa. Akipata homa, arudishwe." Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza.

Mama aliporudi nalikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasema kwa upole maneno mepesi kabisa: "Mwalimu, mimi nalifanya kama ulivyosema." Hakunilaumu kwa lolote zaidi. Laiti angalinilaumu! Kwa maana nalijua moyoni kwamba siku ile, nilipoisoma sentensi ile, palikuwa na kitu ndani yangu kilichonong'ona, "Haikai vizuri." Kwa nini hospitali ikataze kukimbia tu, isikataze kuruka na kupanda miti? Nalikisikia, nikakinyamazisha, kwa sababu nalikuwa naheshimiwa, na mwenye kuheshimiwa huona vigumu kusema, "Sijui, ngoja niulize."

Basi, ndugu wasomaji, sikuwaeleza habari hii ili mkiogope Kiingereza. Lugha yetu wenyewe ina maneno ya namna hii, nasi twayatumia bila hofu. Litazameni neno piga. Mgeni akifundishwa kwamba piga ni kutia fimbo, kisha akaja kukaa nasi siku moja, atatoroka kabla ya magharibi. Asubuhi asikia kwamba baba apiga mswaki. Kaka yapiga pasi nguo zake. Dada apiga simu. Mjomba mlangoni apiga hodi. Bibi apiga magoti kusali. Watoto wapiga makofi, wazee wapiga soga, jua lapiga, mtu apigwa picha na ashukuru, na mvivu apiga miayo. Nani aliumia katika hao wote? Hapana. Sisi twajua kwa sababu hatulisikii piga peke yake kamwe; twalisikia pamoja na mwenzake. Na "run" ni vivyo hivyo. Neno likiwa peke yake ni kama mtu akutanaye nawe gizani: huwezi kumtambua mpaka usikie yuko na nani.

Kwa hiyo nawapa waalimu na wazazi mashauri matatu, ambayo nimeyalipia.

La kwanza: uliza ni nani au nini kina-"run". Je, ni mwenye miguu? Ni kitu cha majimaji? Ni mtambo? Ni kazi au nyumba? Ni kitu kilicholala chini kama njia? Mara nyingi jibu la swali hilo peke yake latosha.

La pili: tazama yanayofuata, hasa yale maneno madogo. "Run away" ni kutoroka. "Run into" rafiki ni kukutana naye bila kutazamia. Lakini gari liki-"run into" ukuta, limeugonga. "Run over" ni kukanyaga kwa gari. "Run out of the house" ni kutoka nyumbani mbio, walakini "run out of salt" ni kuishiwa na chumvi. Hapo maneno madogo ni yale yale, na kinachoamua ni lile la mwisho: nyumba twatoka ndani yake, chumvi yatuishia. Asiyetazama mpaka mwisho wa mstari atadhani zahanati iliyoishiwa na dawa imekimbizwa na dawa zake.

La tatu: msiwaandikishe watoto neno moja upande wa kushoto na neno moja upande wa kulia, kana kwamba ni mizani yenye vibaba sawa. Na waandike sentensi nzima, na chini yake sentensi nzima ya Kiswahili. Hivyo ndivyo alivyofanya Murray katika kibanda chake cha mabati: hakukusanya maneno matupu, alikusanya maneno pamoja na jamaa zake. Daftari la senti chache laweza kufanya kazi hiyo katika nyumba yoyote, na watoto wenu wakapanga karatasi kama walivyopanga watoto wake.

Na yule mtoto wa pua? Mwalimu, mwite mbele kwa upole. Uwaambie wenzake kwamba alisoma neno sawasawa, tena maana ya maji katika neno lile ni ya kale sana. Ila hakuambiwa kwamba Kiswahili kina njia nyingine. Kisha mfundishe kusema, "Natokwa na kamasi," nawe umpe kitambaa. Mtoto aliyekosea daftarini hakumdhuru mtu. Afadhali akosee leo mbele yako na kusahihishwa, kuliko afiche ujinga wake mpaka siku atakapoombwa na mama wa watu amsomee karatasi ya dawa.

Kwa jioni moja ya mwezi huu, baada ya chakula, jaribuni sentensi hizi tano nyumbani, wakubwa na wadogo pamoja, kila moja kwa Kiswahili kizuri kisicho na kukimbia hata kumoja:

1. The tap is running.
2. We have run out of sugar.
3. My aunt runs a small shop.
4. The road runs beside the river.
5. The bus does not run on Sundays.

Majibu tutayachapa mwezi ujao. Na katika nyumba yenu akiwapo asemaye, "Hili silijui, tuulize," msimcheke. Mpeni kiti cha mbele.

Wasalaam,
Mzee wa Baraza